Chungu Kisichokauka

Mume wangu alipotea mlimani mwezi wa Machi, na mpaka Agosti mama yake alikuwa bado anampakulia chakula.

Kila asubuhi Mama Toku aliweka bakuli la wali mahali pa Shinsaku, supu ya miso pembeni, vijiti vimelala mbele, na juu ya bakuli kifuniko cheusi cha kung'aa. Ni desturi ya zamani. Msafiri huwekewa chakula nyumbani ili asishikwe na njaa huko aliko, na wenye nyumba wakishamaliza kula hukifunua kifuniko na kukitazama kwa ndani. Kikiwa na matone ya maji, mtu wao yu hai. Kikiwa kikavu, basi tena.

"Umeona?" Mama alikuwa akiniambia, kifuniko mkononi. "Kimetoka jasho. Anatembea huyo."

Mimi ndiye niliyekuwa nikipika wali huo. Wali wa moto ukiufunika utatoa jasho hata ukiuweka mbele ya jiwe, hilo halihitaji kwenda shule. Nilikuwa naupakua wa kwanza, ukifuka mvuke, vidole vikiniungua, kwa sababu nilijua siku kifuniko kitakapotoka kikavu nitakuwa na misiba miwili ndani ya nyumba moja. Na hata hivyo, alipokuwa akikigeuza, mimi pia nilikuwa nachungulia.

Jina langu ni Misao. Niliolewa hapa Kinashi kutoka Takamatsu mjini, safari fupi tu ya treni, lakini kwa Mama Toku nilikuwa nimetoka ng'ambo. Hapa mashamba hayana kabichi wala vitunguu. Yana misonobari, safu baada ya safu, mifupi kuliko mtoto wa chekechea na mingine ina umri wa kunizaa. Nyuma ya nyumba yetu kuna vichanja vya mbao, na juu ya vichanja kuna vyungu, na ndani ya vyungu ndimo maisha yetu yote yalimo.

Nyumba hii ina sheria yake: kila mtu ana mti wake. Mtoto akifika miaka saba anapelekwa kwenye vichanja achague. Bibi harusi naye anachagua, kabla hata hajaonyeshwa sufuria ziko wapi. Mtu akifa, mti wake unatolewa chunguni, waya wote unakatwa, na unapandwa ardhini kule nyuma karibu na ukuta, ukue utakavyo. Baba mkwe wangu alikuwa na msonobari mweupe, na sasa umepita paa. Hakuna mkasi unaousogelea.

Mama Toku ana msonobari mweusi, na wanafanana. Unapenda jua kali na upepo wa chumvi. Mwanzo wa kiangazi unaukata machipukizi yote, nao badala ya kufa unakasirika, unatoa mengine mafupi na manene zaidi. Ukiufanyia hivyo msonobari mweupe utaulemaza. Kila mti na tabia yake, na tabia hizo Mama alinifundisha kwa matusi. Mimi nilichagua mti wa momiji, kwa ajili ya wekundu wa majani yake baridi inapoanza.

"Umechagua mlevi," aliniambia siku ile. "Huo unakunywa asubuhi, mchana na jioni. Jua la saa tisa likiupiga, majani yanaungua pembeni. Utakuwa mtumwa wake."

"Nimeshazoea kutumwa," nilimjibu. "Nina siku ya tatu katika nyumba hii."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Tangu siku ile tumeelewana kwa namna yetu, yaani kwa kutoleana maneno.

Shinsaku alichagua mreteni. Ulitoka kwenye majabali ya mlima Ishizuchi, enzi zile ambapo watu walijifunga kamba wakateremka genge kung'oa miti kama huo, na si wote waliopanda tena. Sehemu kubwa ya shina lake ni mti mkavu, mweupe kama mfupa, umejipinda na kujipinda. Kando ya mfupa huo unapanda mshipa mmoja wa gome jekundu, upana wa vidole viwili, na mshipa huo peke yake ndio uliokuwa ukilisha kijani chote cha juu. Mfu na mzima walikuwa wakikaa chungu kimoja. Baba yake alitaka kumkataza, akasema mtoto wa miaka saba hachagui kitu cha namna hiyo. Lakini Shinsaku alikuwa ameshaukumbatia, shavu kwenye mfupa, na alipotolewa alilia hadi jioni.

Alipokuwa mtu mzima, kabla ya kukata tawi lolote, alikuwa akiupiga mkasi hewani mara mbili. Kacha, kacha. Nilidhani ni madoido ya kinyozi. Nikamwuliza siku moja.

"Napiga hodi," alisema. "Ungependa mtu aingie kwako na chuma bila hodi?"

Kila mwaka mwezi wa Machi, kabla ya kazi za kuhamisha miti vyungu, alipanda Ishizuchi kutazama mireteni ya porini. Kuing'oa kumepigwa marufuku siku nyingi. Alikwenda kuitazama tu. Alisema mtu asiyeona jinsi theluji inavyoupinda mti hana ruhusa ya kuupinda kwa waya. Mwaka huu aliondoka na matonge ya wali niliyomfungia na samaki wa chumvi ndani, akasema atarudi kula chakula cha jioni, nisitie vitunguu vingi. Mchana ukaanguka ukungu, na nyuma ya ukungu theluji. Gari lake lilikutwa limeegeshwa vizuri chini ya mlima, viatu vya kubadilisha vikiwa kwenye kiti. Waokoaji walitafuta kwa mbwa na kwa helikopta, wakarudi tena theluji ilipoyeyuka. Hawakuona hata kofia.

Ndipo Mama alipoanza kuweka bakuli, na ndipo alipoanza kuutazama ule mreteni.

"Mti wake uko kijani," alikuwa akisema kwa kila aliyekuja kutupa pole. "Ninyi mnalia nini? Nendeni mkautazame."

Nao walikwenda, wakautazama, wakanyamaza. Kwa sababu hakuna mtu Kinashi asiyejua kwamba mreteni ni mwongo. Msonobari ukifa unakuambia, sindano zinageuka rangi ya kutu. Momiji unakunja majani siku hiyohiyo. Lakini mreteni unaweza kufa leo na ukabaki kijani miezi na miezi, umesimama palepale, unapokea wageni. Mama Toku alilijua hilo kabla mimi sijazaliwa. Ila mtu akitaka kuamini jambo, maarifa yake anayavua mlangoni pamoja na viatu.

Kumwagilia ni kazi yangu. Mwezi wa Julai jua la huku halina adabu. Misonobari niliyoinywesha asubuhi ilikuwa mikavu adhuhuri, na momiji wangu ulikuwa umelegea majani kama mtu aliyetoka kwenye msiba. Ndipo nilipouona mreteni. Udongo wake ulikuwa mweusi, umelowa. Nilichomeka kijiti, kikatoka na tope. Nikadhani nimejisahau nikaumwagilia zaidi. Kesho yake nikauruka. Keshokutwa nikauruka tena. Chungu kilikuwa bado kimelowa, na nilipokinyanyua upande mmoja kilikuwa kizito.

"Mama, wewe ndiye unayemwagilia mreteni?"

"Mimi?" Hakuinua macho kwenye maharage aliyokuwa akiyamenya. "Mgongo huu utabeba kopo la maji? Hiyo kazi si nilikuachia wewe?"

Nikabaki na jibu moja tu. Mti hai hunywa. Huu ulikuwa haunywi. Nilisimama pale na kopo langu, jua likinichoma utosi, na sikutaka kulitamka hata kwa moyo. Nilijifanya hamnazo. Nikaenda kumwagilia mingine.

Wiki hiyohiyo nikaanza kuusikia mkasi.

Ilikuwa adhuhuri, saa ambayo nyenje wanapiga kelele mpaka masikio yanauma. Ghafla wakanyamaza wote. Nikasikia, kutoka upande wa kichanja cha mwisho, kacha, kacha. Kisha kimya. Niliacha nilichokuwa nikifanya nikaenda. Hapakuwa na mtu. Mama alikuwa amelala chumbani, nikimwona miguu kupitia mlango uliofunguliwa. Mkasi wa Shinsaku ulikuwa kwenye msumari wake bandani, ule wenye uzi mwekundu kwenye mpini. Niliugusa. Ulikuwa wa moto, lakini Julai kila chuma ni cha moto.

Siku ya pili, tena. Siku iliyofuata, mara mbili, asubuhi na jioni, na jioni ulikuwa karibu zaidi, huku kwenye mlango wa jikoni. Daima ilikuwa ile ile, mapigo mawili, halafu kusubiri. Kusubiri kwenyewe ndiko kulikonitoa jasho la baridi. Mtu akipiga hodi husimama kidogo atege sikio.

Niliogopa, na sioni haya kusema. Sikuogopa kwamba ni yeye. Kama angeingia amejaa theluji hadi nyusi ningemkumbatia hivyohivyo. Niliogopa kwa sababu sikujua nimjibu nini. Ndani ya nyumba kulikuwa na bakuli linalosema yuko safarini, na nje kulikuwa na mti unaosema yuko hai, na mimi nilikuwa napika wali wa kuthibitisha yote mawili. Ningemwambia karibu, ningekuwa nimekubali amekufa. Basi nilikuwa naziba masikio, naimba, naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mwanzoni mwa Agosti akaja mtawa Ryokai na pikipiki yake ndogo. Ni mtu mnene, mkarimu, na wiki ile kabla ya Obon, sikukuu ya kupokea roho za wafu, anapita nyumba zote za waumini wake kupanga atawasomea sala marehemu gani. Aliketi barazani akajifuta jasho kwa taulo, akanywa chai ya shayiri ya baridi bilauri nzima, akaomba nyingine. Alikuja na kisanduku chembamba, akakiweka kando yake bila kukitaja.

"Mama Toku," alisema mwishowe, "mwaka huu, kuhusu Shinsaku..."

"Kuhusu Shinsaku nini?"

"Ni Obon yake ya kwanza. Kama ni hivyo. Taa nyeupe inapaswa kutundikwa, na moto wa kumpokea langoni tarehe kumi na tatu. Sisemi mfanye. Nauliza."

"Unauliza!" Mama aliweka bakuli la maharage chini. "Mwanangu amechelewa, hajafa. Ukimwashia moto mtu aliye hai umemzika mchana kweupe. Unataka nimzike mtoto wangu kwa mikono yangu?"

"Na kama amekwisha kufa usimwashie?" Mtawa alisema polepole. "Jioni ile atakuja na wenzake. Ataona kila lango lina moto isipokuwa la kwao. Atajua hapa si kwake. Ataondoka na wale wasio na watu, na hao, Mama, unajua wanavyotangatanga."

"Kunywa chai yako uende. Una nyumba nyingi za kupitia na tumbo lenyewe hilo."

"Kwa kweli anayeamua ni mke," alisema mtawa, akanigeukia.

"Huyu?" Mama alinionyesha kwa kidevu. "Huyu alichagua momiji."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Mtawa alisubiri. Nikafungua kinywa, na kabla sijasema lolote nyenje wakanyamaza wote, bustani nzima ikawa kama imefunikwa blanketi. Kacha, kacha. Palepale, nyuma ya pazia la mianzi, mahali ambapo mtu angevulia viatu.

Bilauri ya mtawa ilibaki hewani. Mimi nilimtazama Mama. Alikuwa amekaza macho kwenye maharage yake, na vidole vyake vilikuwa vikimenya ganda tupu.

"Nyenje hao," alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Basi naye alikuwa akiusikia.

Mtawa aliaga akisema nimpe jibu kabla ya tarehe kumi na tatu. Alipokwisha kuondoka tuliona amesahau kile kisanduku. Ndani mlikuwa na taa ya karatasi nyeupe, imekunjwa vizuri. Mama aliitazama, akasema mtawa huyu siku hizi anasahau sana, akaisukuma chini ya kabati kwa mguu.

Siku zile zilizofuata nilikuwa mtu wa kujigongagonga. Tulifagia makaburi ya ukoo kama kila mwaka. Tulitengeneza farasi wa tango na ng'ombe wa biringanya, miguu ya vijiti, kwa ajili ya baba mkwe: farasi ili waje upesi, ng'ombe ili warudi polepole. Mama alitengeneza farasi mmoja tu. Mimi nilichukua tango la pili, nikalirudisha kapuni, nikalichukua tena, nikaishia kulikatakata saladi. Na huko nje mapigo yalikuwa hayakomi, kila yakija yamesogea, mpaka nikawa nalala na kitambaa kimefungwa kichwani. Nilikuwa najua fika kinachongojewa. Moto unawashwa au hauwashwi, na jioni ya tarehe kumi na tatu ikishapita, haiji tena mwaka huo. Kama Shinsaku alikuwa mfu, nilikuwa karibu kumfungia mlango wa nyumba yake mwenyewe. Kama alikuwa hai, nilikuwa karibu kumzika.

Asubuhi ya tarehe kumi na tatu nilipika wali kama kawaida. Nilipakua bakuli la Shinsaku la kwanza. Kisha nikaliweka dirishani, nikasimama nalo. Mvuke ulipanda, ukapungua, ukaisha. Nilitumbukiza kidole; wali ulikuwa wa baridi. Ndipo nikaufunika na kuupeleka mezani.

Tulikula. Mama alimaliza, akafuta midomo, akanyoosha mkono. Alikigeuza kifuniko.

Kilikuwa kikavu. Aliupitisha ubavu wa kidole gumba ndani yake, mzunguko mzima, kama anayetafuta nyufa. Nilikuwa nimejiandaa kumdaka asianguke.

"Leo umechoka kuungua vidole?" aliniuliza.

Nilihisi uso unanipanda moto. "Ulijua?"

"Misao, nimepika wali kabla baba yako hajaota ndevu. Unadhani sijui kifuniko kinapata wapi jasho?" Alikirudisha juu ya bakuli, taratibu. "Nilikuwa nakuacha. Nilijiambia, msichana huyu bado anahitaji."

"Mimi ndiye ninahitaji?"

"Nyanyuka," alisema. "Lete kisu kile kidogo cha kupandikizia. Twende nje."

Alitangulia mbele yangu mpaka kwenye kichanja cha mwisho, akaniomba nimshikie chungu. Aliweka ncha ya kisu kwenye ule mshipa mwekundu, akakwaruza kidogo tu, kama ukwaruzavyo tangawizi. Chini ya gome la mreteni hai kuna kijani kibichi chenye unyevu. Hapa palikuwa na hudhurungi, kavu. Alikwaruza juu zaidi, na juu zaidi, hadi kwenye matawi. Ilikuwa vilevile.

"Umekufa kabla micheri haijachanua," alisema. "Machi."

"Kwa nini? Una ugonjwa?"

Tuliutoa chunguni. Mizizi ilikuwa imeoza kwa maji, ngozi ikivuka mkononi, lakini huo ulikuwa uozo wa juzi. Hapakuwa na funza, hapakuwa na jeraha, hapakuwa na alama ya maradhi yoyote niliyofundishwa. Mama aliichambua mizizi kwa muda mrefu, miwani imemtelemka puani, halafu akaiacha.

"Umekufa tu," alisema.

"Wewe ulijua lini?"

"Mei. Mreteni hai mwezi wa Mei unatoa ncha mpya, unang'aa. Huu haukutoa hata moja. Nikausogeza hapa kivulini. Alfajiri, kabla hujaamka, nilikuwa nautia maji na kuunyunyizia majani, upate sura."

"Nilikuuliza! Ukasema mgongo!"

"Mgongo unauma kweli."

"Lakini kwa nini, Mama?"

Alikuwa akifuta kisu kwenye aproni, upande huu na upande huu, ingawa kilikuwa kimeshatakata. "Ulikuwa unautazama kila ukiosha vyombo. Dirishani. Nikaona, siku akijua mti umekufa atafungasha arudi kwao Takamatsu. Bado una umri wa kuolewa. Mimi nitabaki na nani hapa, misonobari?"

Miezi yote ile nilikuwa nikiamini namlinda kikongwe asife moyo. Nilikasirika, nikataka kumpa vidonge vyake, na badala yake machozi yakanitoka mpaka kwenye shingo.

"Na momiji wangu ningemwachia nani?" nilisema. "Wewe? Ungeuua kwa kiu na matusi."

"Ningeuua," alikubali. Na yeye alikuwa akilia, lakini kwa uso uleule wa siku zote, kana kwamba machozi ni ya mtu mwingine.

Tulikaa chini, kwenye vumbi, katikati yetu mti uliokufa.

"Unausikia?" nilimwuliza.

"Tangu Mei. Hodi, hodi, kutwa kucha. Na mimi mama yake nimekaa ndani naambia watu hayupo."

Mchana ule nilimpigia simu mtawa. Nilimwambia ndiyo. Mama alivuta kisanduku kutoka chini ya kabati, akapuliza vumbi, tukaikunjua taa nyeupe na kuitundika kwenye ukingo wa paa. Kisha akatengeneza farasi wa pili kwa tango refu kuliko la baba mkwe, na akambadilisha miguu mara kadhaa hadi aliposimama sawa.

Lilibaki suala la mti. Mti wa marehemu hupandwa ukutani, lakini huu usingeshika. Mama aliuzunguka, akauzunguka tena.

"Ulikuwa wake," alisema. "Na aje nao."

Watu wote huwasha moto wa mapokezi kwa mabua makavu ya katani, kwenye sahani ya udongo. Sisi tuliweka mabua hayo chini, na juu yake mreteni wa Shinsaku tuliouchanja kwa msumeno wake mwenyewe, mfupa na mshipa pamoja. Jua lilikuwa limezama nyuma ya mashamba. Njia nzima, lango kwa lango, majirani walikuwa wamechuchumaa mbele ya vimoto vyao, watoto wakiwa na mavazi ya sherehe. Walituona tukitoka. Mama Kagawa wa ng'ambo ya barabara alisimama akainamisha kichwa.

Niliwasha mimi. Mreteni mkavu una mafuta. Ulishika kwa mlio, miali ikapanda kuliko ya majirani wote, na moshi ukatoka na harufu ile ya mikono yake alipokuwa akirudi ndani kula. Moshi uliinuka kidogo, ukapinda, ukaingia langoni kuelekea nyumba.

Kacha, kacha.

Safari hii haikuwa bustanini. Ilikuwa barabarani, ng'ambo ya moto, mbele yetu kabisa, mahali palipokuwa na giza na hewa inayotetemeka kwa joto. Halafu ule ukimya, wa mtu anayetega sikio.

Mama alinishika kiwiko. "Jibu wewe. Wewe ndiye mke."

Nilijikaza.

"Karibu," nilisema. "Karibu ndani, Shinsaku. Chakula kimepoa."

Upepo haukuvuma wala moto haukuyumba, hakuna chochote cha kuwasimulia watu. Niliona tu Mama akisogea hatua moja kando ya lango, kama unavyompisha mtu mwenye mzigo, na nikaona kwamba na mimi nimeshasogea.

Alikaa nasi siku zile alizopewa. Bakuli lake tulilihamisha kutoka mezani, tukaliweka kwenye madhabahu ya nyumbani pamoja na la baba yake, wali wa moto, bila kifuniko. Nilimpikia samaki wa chumvi. Sikutia vitunguu vingi. Tarehe kumi na sita jioni tuliwasha moto wa kuwasindikiza kwa vipande vilivyobaki, na tukampandisha kwenye ng'ombe wa biringanya ili aende polepole. Mama alimwambia avae kofia. Kesho yake chungu cha mreteni nilikiosha, nikakiegemeza ukutani juani, na kufikia adhuhuri kilikuwa kimekauka hadi kikapauka.

Sijausikia mkasi tena. Nyenje wanaimba mpaka wanachoka wenyewe. Nilidhani kimya hicho kitanipumzisha, na kwa kiasi fulani kimenipumzisha, lakini kuna saa za mchana ninaacha kufanya kazi na kusikiliza kwa makusudi.

Jana tulianza kupunguza machipukizi ya vuli kwenye misonobari myeusi. Mkasi wangu umekuwa butu, basi nikautoa ule wa uzi mwekundu kwenye msumari. Unanifaa, ila mpini ni mpana kidogo. Nilisimama mbele ya msonobari wa Mama, na kabla ya kukata, bila kufikiri, mkono wangu ukaupiga hewani mara mbili.

"Karibu!" Mama aliitika kutoka ndani, haraka, na nikasikia magoti yake yakilia akiinuka. "Karibu, mwanangu, nakuja!"

Ikabidi nimwambie kwamba ni mimi.